Mutuka ni yetu, waya ni za wengine

Leo hatutaongea bei ya shaba wala malipo ya mwisho wa mwezi. Tutaongea mutuka. Hatusemi zile mpya za wakubwa. Tunasema zile zetu: Corolla, Ipsum, Noah, za 1997 ao 2001, zenye tulinunua na dekonte ao na makuta ya likelemba, zenye kupeleka watoto ku masomo na mama ku soko, na siku ya kilio zinabeba watu munane na masufuria juu.

Mutuka kama hii, mbele ya kufika kwetu, ilikuwa na bwana wake wa kwanza, na wa pili, na pengine wa tano. Kila moja aliacha kitu. Moja aliacha rangi mbaya, mwingine aliacha alama ya kugongwa. Hayo tunayaona, na tunabishana bei juu yake. Lakini kuko kitu chenye hakuna mtu anaangalia siku ya kununua: waya za antivoli, zenye walikata, wakaunga, wakapitisha pembeni, kisha wakafunika na skochi na kurudisha plastiki ya tablo mahali pake. Sisi tunasema ile njo inatuumiza kuliko moteri yenye kuchoka.

Tuseme kwanza yetu wenyewe. Corolla yetu ilikuwa na ugonjwa moja. Mu muji inatembea muzuri. Ukitoka ku gudroni nzuri, ukiingia mu mashimo, kisha dakika moja moteri inakufa. Hakuna kukohoa, hakuna moshi. Taa zinabaki kuwaka, redio inaendelea kuimba. Tunazungusha fungulo, demareri inalia, moteri inakataa. Siku ingine inakubali kisha mara tano, siku ingine inakataa mpaka tunatafuta mtu wa kutuvuta. Watoto waliisha kuzoea: ikikufa wanaanza kuomba, ikiwaka wanasema Amina.

Fundi wa kwanza alibadirisha pompi ya esansi. Wa pili, bobini. Wa tatu alisema ni batri, tukanunua batri. Wa ine alitushauri kuiuza kwa mtu mwenye hatujuani naye. Tukihesabu yote tulipita dola 400, na mutuka iliendelea kufa.

Usiku wenye ulitumaliza nguvu ni ule wa njia ya Likasi. Tulikuwa tunarudi Lubumbashi, giza limeisha kuingia, nyuma yetu malori yenye kubeba shaba kuelekea Kasumbalesa. Moteri ikakufa mu kupanda. Lori ya kwanza ilipita karibu sana mpaka kioo cha pembeni kikageuka. Mama alitoa watoto wote akawapeleka mu majani, wengine tukakata matawi na kuyalalisha mu barabara nyuma ya mutuka, kama kila mtu anafanyaka huku kwetu. Dereva moja wa lori, Mungu amubariki, alisimama akatuangazia na taa zake, tukasukuma mpaka pembeni. Tulikaa pale mpaka karibu kucha. Mutoto wetu wa pili mpaka leo anaogopa honi ya lori.

Mwenye alituponyesha ni muzee moja, alifanya kazi miaka mingi ku atelie ya umeme ya mine mbele ya kuingia pensheni. Hakufungua kapo. Aliuliza neno moja lenye hakuna fundi aliuliza:

– Bana yangu, hii mutuka ilitokaka wapi?

– Papa, balituambia ilitoka Afrika ya Kusini, ikapitia Zambia.

Akacheka. Akainama, akavuta tapi pale dereva anapumuzishaka muguu wa kushoto. Chini yake kulikuwa kabutoni keusi, kadogo sawa kifungo cha koti.

– Munaona? Hii njo dawa yenu. Hamukuambiwa.

Afrika ya Kusini, watu wa bima mara nyingi wanaomba mutuka ikuwe na antivoli mbele ya kuikubali. Na kule bwizi bwa mutuka si paka bwa usiku ku parselle. Kuko wenye wanakuja na bunduki ku feu rouge, wanakuteremusha, wanaondoka nayo. Basi walitengeneza antivoli yenye akili: kama kontakti iko wazi na mulango unafunguka, kasanduku kanaanza kuhesabu. Dereva akikanyaga kabutoni ka kufichwa, kanaacha kuhesabu. Asipokanyaga, kanakata esansi kisha wakati kidogo, na mwizi anabaki na mutuka yenye kukufa mbali na wewe. Hakuna kupigana, hakuna kufa. Ni kitu kizuri, kwa mwenye anajua kiko.

Kwetu ilikuwa hivi: waya ya mulango wa nyuma, ile yenye kuwashaka taa ya ndani, ngozi yake iliisha kuchubuka. Kila shimo, inagusa chuma ya mutuka. Kasanduku kanaamini mulango umefunguka, kanahesabu, kanakata. Taa ya ndani ilikuwa inawaka na kuzima mu mashimo miaka miwili yote, tukaona ni kitu ya bule. Na zile siku moteri ilikubali tena, ni juu tulikanyaga kabutoni na hasira bila kujua. Hatusemi maombi hayasaidie. Lakini pale ilikuwa muguu.

Muzee alipotosha plastiki ya chini ya volani, tulisoma mule habari ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa fundi mwenye kujua kazi: kasanduku kamefungwa nguvu, relei mbili, waya zote zimesudiwa muzuri, na zote rangi moja, nyeusi. Wanafanyaka vile makusudi, juu mwizi asijue ipi ni ipi. Wa pili alikuja kisha, pengine mwenye alinunua bila kupewa siri kama sisi. Alitaka kutosha antivoli, akakuta nusu tu: ile relei ya demareri aliiruka na kipande cha waya chekundu kilichozungushwa na vidole, ile ya esansi hakuiona. Njo maana demareri ilikuwa inazunguka na moteri haiwake, na bafundi wote wakakimbilia pompi. Wa tatu alitaka umeme wa redio. Alichomeka paka pale pale, na fizibu ilipoungua mara moja ao mbili, akatia mahali pake uzi wa shaba.

Uzi wa shaba, ndugu zetu. Ile shaba yenye tunatoa mu udongo na jasho, mtu aliifanya fizibu chini ya magoti ya watoto wetu.

Muko wengi humu mwenye kujua umeme kuliko sisi, lakini kwa mama mwenye anasoma hii gazeti ku nyumba tuseme kidogo. Fizibu ni kile kipande kidogo chenye kinaungua cha kwanza, kusudi waya isiungue. Ukiweka uzi wa shaba, fizibu inakuwa waya yenyewe, na pembeni ya waya kuko tapi, kuko sponji ya kiti. Na mahali waya mbili zilizungushwa na vidole tu, umeme unapita na taabu. Kama pale kuko ohm moja sehemu ya kumi, na ampere 10 zinapita, ni wati 10 za moto mu nafasi ndogo kama ncha ya kidole, kila saa mutuka inatembea. Gundi ya skochi inayeyuka, skochi inafunguka, shaba inabaki uchi. Hii haikuwe uchawi wa jirani.

Tusidanganyane kwamba ni za Afrika ya Kusini tu. Zile za Japani, zenye kushuka ku bandari ya Dar es Salaam na kupitia Tunduma na Nakonde, zingine zilikuwa na kamashini ka kuwashia moteri kutoka mbali, juu kule wakati wa teluji watu wanapasha mutuka moto mbele ya kutoka mu nyumba. Kamashini kale kanaingia mu waya za kontakti, sawa sawa na antivoli. Kakitoshwa mbaya, kanaacha vidonda vile vile.

Za Ulaya ziko na habari ingine. Tangu 1998, kule mutuka mpya ndogo inatoka ku fabriki na antivoli ndani ya fungulo: kachipi kadogo mu kichwa cha fungulo, na pete ya waya pale fungulo inaingia. Kompyuta ya moteri isipotambua kachipi, haitoe esansi. Kwa hii, hakuna waya ya kuruka kwa wepesi. Basi fungulo ya pili ikipotea, mwenye mutuka hataki kulipa ya kuandika mupya, anachukua kachipi ka ile fungulo yenye kubakia, anakabandika na gundi karibu na ile pete, ndani ya plastiki ya volani, na anaenda ku soko kukatisha fungulo ya chuma ya bei ya chini. Mutuka inawaka. Wote wanafurahi. Ila tangu ile siku antivoli imekufa: mwizi akiwa na chuma yoyote yenye kuzungusha kontakti, anaondoka. Na wewe mwenye kununua, unaona kataa kekundu kanawaka-waka usiku ku tablo, unalala usingizi.

Kwa kujua, kuko njia yenye haiombe makuta. Kama mutuka yako ni ya zile zenye kachipi, funga kichwa cha fungulo na karatasi ya aluminium ya kupikia, safu mbili tatu, kisha jaribu kuwasha. Mara nyingi, yenye antivoli nzima itakataa. Ikiwaka kama kawaida, kuna mtu alifanya kitu mbele yako. Fanya ile jaribio mbele ya muuzaji, umuangalie uso.

Hapa tunafika ku jambo lenye linagusa jamaa za watu wa mine kuliko wengine. Baba anaenda ku kazi siku 14. Mutuka inabaki mu parselle. Siku ya tisa mutoto anashikwa na homa usiku, mama anachukua fungulo, anazungusha: taki, taki, basi. Batri imekufa. Jirani anasema batri ni ya kichina. Hapana. Mutuka yenye afya, ikilala, inakula karibu miliampere 50 ao chini. Kwa siku 14 ni kama ampere 17 za saa. Batri ya 60 inabakia na nguvu ya kuwasha. Sasa weka mule alarme ya zamani yenye hakuna mtu anatumikisha, ao relei yenye kubaki imevutwa siku zote, tuseme miliampere 500. Ile batri ya 60 inakauka yote mu siku tano. Ni kuhesabu tu.

Fundi akitaka kupata ule mwizi, haombwe mashini ya bei kali. Anafunga milango, anangoja kidogo mutuka ilale, anatosha kamba ya negatifu ku batri na kutia multimetre kati, kisha anatosha fizibu moja moja mpaka hesabu inashuka. Kama alitosha zote na hesabu haishuke, pengine kuko waya yenye ilichukuliwa moja kwa moja ku batri, na mara nyingi hiyo si fabriki iliiweka. Lakini sisi tunamwambia "tia batri ingine, patroni anarudi kesho". Anatia.

Na hapa, ndugu zetu wafanyakazi, mutuwie radhi tuseme wazi. Ku mine, hakuna mwenye anagusa kabli bila konsinyasio. Unakata umeme, unatia kadena yako, unatia etiketi yenye jina lako, unapima kama kweli umeme umekufa, njo unaingiza mukono. Kadena ya mwenzako hauitoshi hata mkubwa akipiga kelele. Kila kabli iko na namba, na mwenye anabadirisha kitu bila kuandika ku shema anaitwa ku biro. Kuko wenye walifukuzwa juu ya ile. Tunajua sababu: tulizika watu.

Lakini mtu yule yule, akishuka ku bisi ya kampani, akifika kwake, anaweka bibi na watoto mu mutuka yenye waya zake hakuna anayezijua, na anamwambia fundi wa ku barabara: "Fanya namna yoyote, iwake tu." Fundi anafanya namna yoyote. Tunapenda kulaumu bafundi, na kweli kuko wenye wanaharibu. Lakini tunalipa nini sisi? Tunalipa "imewaka". Hakuna siku tulilipa mtu saa tatu za kukaa chini ya volani kutosha skochi za watu wengine. Tungeona ni kupoteza makuta, juu mutuka ilikuwa inawaka toka asubuyi.

Mawazo yetu ni haya, na wenye hawakubali watuandikie. Antivoli ya zamani yenye haina fungulo yake, haina siri yake, haina karatasi yake, itoshwe yote. Si kuirukia, si kukata waya moja na kuacha tisa. Itoshwe mpaka mwisho, na kila waya ya fabriki yenye walikata iungwe tena mahali pake, na kosi ya kubana vizuri ao kusude, na mpira juu, siyo skochi. Muzee wetu alichukua siku moja na nusu na tukamupa dola 50. Weka ile pembeni ya 400.

Tunajua jibu: "Mukitosha antivoli, bezi batabeba mutuka." Tulilisikia mu nyumba yetu wenyewe, na si neno la kucheka, mutuka ya dekonte ikiibwa, hakuna dekonte ya pili. Lakini antivoli yenye iliisha kurukwa haichunge kitu. Inazuia paka wewe. Kama unataka ulinzi, kuko chuma ya kufunga volani, mwizi anaiona na macho mbele hata ya kuvunja kioo. Kuko fungulo ya kukata batri, ile ile yenye munaonaka ku mutuka za mine: unakata, unatosha, unaenda nayo, na kwa zile siku 14 batri haikulwe hata kidogo. Na kama uko na makuta, tia antivoli mpya, lakini mu mutuka yenye waya zilisafishwa kwanza, na fundi akuachie shema: wapi alikata, rangi gani, kasanduku kako wapi, kabutoni kako wapi. Akisema shema ni siri ya kazi yake, tafuta mwingine. Siri ni ya kuficha kwa mwizi, haiko ya kuficha kwa mwenye mutuka.

Kwa wenye kuuza mutuka ku parking za Lubumbashi na Kolwezi, tuko na neno moja. Munajua. Pengine si yote, lakini munajua mutuka yenye munazima na kuwasha kila asubuyi kusudi batri isikufe mbele ya mteja. Munajua ile ya kuwasha ukikanyaga mahali fulani. Kumwambia mununuzi haiwaombe hata franga moja. Tungeweza kuanza na hiyo, hata mbele ya serikali haijaweka sheria: fungulo mbili, na kusema nini ilikatwa. Mwenye kuuza mbuzi anasema kama inakohoa.

Sisi pia hatuko watakatifu. Muzee alipofika upande wa kapo, alikuta sirene ya alarme, na waya yake imekatwa. Akauliza nani. Tukaangaliana. Ilikuwa sisi. Usiku moja sirene ilianza kulia saa munane, peke yake, jirani akatoka na kikwembe anatukana mpaka mababu zetu, na sisi tukachukua kisu cha jikoni tukakata. Haikunyamaza, juu sirene kama ile iko na kabatri kake ndani. Ililia mpaka ikachoka. Tulirudi kulala na hatukusema kwa mtu. Ile waya ilibaki uchi miaka miwili, karibu na negatifu ya batri, na positifu ndani yake.

Muzee aliandika yote ku karatasi mbili za kaye ya mutoto: alichotosha, alichounga, rangi, mahali. Ku mwisho sisi tuliongeza ya sirene na mukono wetu. Karatasi ziko mu sashe, mu kasanduku ka mbele ya abiria, pamoja na karte roze. Siku tutauza hii Corolla, zitaenda nayo. Mununuzi akitaka tupunguze bei juu ya maneno yenye kuandikwa mule, tutabishana naye pale pale mu parselle, lakini atakuwa ameyasoma.